Tulipoijaribu Pikipiki ya Starehe Katika Vilima vya Ijumbi

Ndugu msomaji, kama hujafika Ijumbi, anzia Bukoba mjini. Shika barabara ya lami iendayo kusini, upite Kemondo penye bandari, upite Muhutwe, na baada ya kilomita 70 hivi utakuwa Muleba. Hapo ndipo safari yenyewe inapoanza. Utaiacha barabara kuu, utashika ile ya Kanyambogo kwenda Rubya, nayo itakupandisha. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na sisi wa huku juu tunakaa juu zaidi ya hapo, mahali ambapo asubuhi huwa na ukungu na mama hamwachi mtoto atoke nje bila sweta.

Huku hakuna nyumba zilizopangwa mstari mmoja kando ya barabara. Kila mji umo ndani ya kibanja chake: migomba juu, mibuni chini yake, maharage chini ya mibuni, na nyumba katikati kabisa, haionekani mpaka umeifikia. Kati ya kundi moja la vibanja na jingine kuna rweya, yaani uwanda wa nyasi usio na kivuli. Mgeni akiuliza njia huelekezwa kwa miti na vijito. Gari huishia barabarani, na mgonjwa yuko ndani ya migomba. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za Ijumbi pikipiki haihesabiwi kuwa anasa. Iko katika orodha moja na jembe na ndoo ya maji.

Habari tunayotaka kuwasimulia ni ya pikipiki, lakini kabla hamjafunua ukurasa mwingine mkisema hayo ni mambo ya wanaume, tunawaomba akina mama wenzetu mvumilie kidogo. Kalamu hii ni ya mama, ila habari ni yetu sote wawili, mume na mke, na Baba ameisoma kabla haijatumwa. Amesema iende kama ilivyo.

Ile ya zamani

Pikipiki yetu ya zamani ilikuwa ya Kijapani, ya zile ndefu zilizotengenezwa kwa ajili ya mashamba, yenye keria imara mbele na nyuma. Ilitukuta tungali na mtoto mmoja, ikatuacha tukiwa na wanne. Ilibeba mikungu ya ndizi na magunia ya kahawa, na usiku ilibeba akina mama waliokuwa wameshikwa na uchungu.

Ilibeba pia kazi ya kanisa. Mama wa nyumba hii ni muuguzi, na kila Jumamosi tunakwenda pamoja kuwatembelea wagonjwa majumbani. Kazi hiyo katika mkoa wetu ilianza kwa machozi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa hapa Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata kulikuwa na nyumba zilizobaki na bibi na wajukuu tu. Leo dawa za kufubaza virusi hutolewa bila malipo na watu wanaishi. Wengi tunaowatembelea sasa ni wazee waliopooza, wenye shinikizo la damu, na akina mama waliojifungua karibuni. Lakini wale wajukuu wa siku zile wamekwenda mijini kutafuta kazi, na bibi waliowalea wamebaki ndani ya migomba, wakisubiri kusikia mlio wa pikipiki.

Mwaka jana mlio huo ulianza kukohoa. Moshi ukageuka kuwa wa samawati, dalili kwamba injini inachoma oili. Fundi wetu aliifungua, akatazama ndani, akaifunga tena bila kusema neno. Tulimwelewa. Tulikuwa tumeweka akiba ya kahawa ya misimu miwili, na mama alikuwa amepokea zamu yake ya mchezo wa fedha. Sehemu ya fedha hiyo ilikuwa imeshatajwa kwa ajili ya ada ya shule ya Januari. Kwa hiyo hatukuwa na nafasi ya kununua mara mbili.

Tunapendezwa na kitu

Katika siku hizo Baba alirudi kutoka Muleba akiwa na uso wa kijana. Alikuwa ameona pikipiki inauzwa na mzee mmoja mstaafu aliyeinunua Mwanza. Haikuwa kama zile za bodaboda. Kiti chake kilikuwa chini na kipana kama cha sebuleni, usukani umeinuka na kurudi nyuma kumfuata mwendeshaji, tangi la mafuta limechongwa kama tone la maji, na mahali pa kuweka miguu pako mbele. Mwendeshaji anaketi kama mtu anayesoma gazeti barazani. Vijana huita pikipiki ya starehe.

Mtindo huo una asili yake. Mwaka 1885 Wajerumani Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach waliweka injini ya petroli kwenye chombo cha mbao chenye umbo la baiskeli, na tangu hapo kila nchi ikaunda pikipiki kulingana na barabara zake. Huko Marekani, ambako kampuni ya Harley-Davidson ilianza Milwaukee mwaka 1903, barabara ni pana na zimenyooka, na mtu anaweza kwenda siku nzima bila kukata kona ya maana. Pikipiki ya kukaa chini na kunyoosha miguu ilikuzwa na barabara za namna hiyo. Baadaye India nao wakatengeneza za kwao kwa mtindo huo, ndogo na za bei nafuu zaidi, na hii ya mzee wa Muleba ilikuwa mojawapo.

Mama hakuwa mgumu. Na tuseme kweli, alipoiona naye alipendezwa. Alipokaa juu yake nyayo zake zote mbili ziligusa ardhi, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwenye ile ya zamani. Kwa mara ya kwanza alifikiri, "Hii hata mimi ningeweza kuiendesha." Tulichukua futi ya fundi cherehani tukapima. Kiti cha ile ya zamani kilikuwa sentimeta 82 kutoka chini. Cha hii kilikuwa 74. Tulipima pia uwazi kati ya tumbo la injini na ardhi, tukapata sentimeta 16, lakini namba hiyo tuliiandika tu kwenye karatasi bila kuifikiria. Tulikuwa tunafikiria kiti.

Tunaomba kuijaribu

Mzee mwenyewe ndiye aliyetukumbusha, na hapo tunamshukuru. Alisema, "Ndugu yangu, na wewe shemeji, msiinunue hapa uani kwangu. Uani kila pikipiki ni nzuri. Ipelekeni nyumbani kwenu, mkairudishe kabla ya jua kuzama." Tuliandikiana karatasi mbele ya shahidi, tukaacha fedha kidogo kama dhamana, naye akabaki na kadi halisi baada ya sisi kuilinganisha na namba ya chesisi, namba ya injini na namba ya MC iliyobandikwa nyuma. Zote zilikubaliana. Tuliangalia pia leseni ya Baba, kwa sababu pikipiki ya zaidi ya cc 125 inahitaji daraja A, na hii ilikuwa inazidi. Alikuwa nayo.

Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, mvua za vuli zimekwisha kuanza, na usiku ilikuwa imenyesha. Fundi wetu kijana, tuliyemwomba atusindikize, alifika mapema na jambo la kwanza alilofanya ni kuweka kiganja juu ya injini. Ilikuwa baridi. Alitueleza kwamba muuzaji asiye mwaminifu huiwasha pikipiki kabla mnunuzi hajafika, kwa kuwa injini mbovu ikishapata moto huwaka kwa urahisi na kuficha maradhi yake. Hii iliwaka mara ya pili tu, moshi haukuwa na rangi. Akakagua mnyororo, matairi, breki zote mbili, na shokapu za mbele kama zinavuja. Akasema, "Mashine ni nzima." Akapanda ya kwake, akatufuata nyuma.

Kwenye lami tulifurahi, hatuwezi kuficha. Pikipiki ililia kwa sauti nzito ya chini, upepo ukapita, na Baba aliyekuwa akilalamika mgongo kila Jumamosi hakusema kitu. Mama nyuma alikaa kwa kupanua miguu, suruali ndani ya kitenge kilichofungwa vizuri, kofia ngumu kichwani. Akina mama wawili waliokuwa wanakwenda sokoni walisimama wakatupungia. Kama barabara ingekuwa hiyo tu mpaka nyumbani, tungemlipa mzee siku hiyo hiyo na makala haya yasingeandikwa.

Kilima kinasema

Nyumbani tulipakia. Hili tulikuwa tumekubaliana mapema, kwamba tutaijaribu ikiwa na mzigo wetu wa kweli. Tulipima kwenye mizani ya kahawa: Baba kilo 78, mama 70, unga wa lishe, sabuni na sanduku la dawa za huduma ya kwanza kilo 20. Jumla kilo 168. Hapo likatokea tatizo la kwanza. Nyuma ya kiti cha abiria hakukuwa na keria. Unga tuliubeba mapajani, na sanduku likaning'inia begani mwa mama.

Tuliiacha barabara tukaingia njia ya vijiji. Mvua ya usiku ilikuwa imechimba mfereji katikati, kama kawaida, na njia inabaki vipande viwili vyembamba kulia na kushoto. Ile ya zamani ilizoea kuruka kutoka kipande hiki hadi kile. Hii ilikuwa ndefu, na kona ya ghafla haikuijua. Tulipovuka mfereji wa kwanza tulisikia chini yetu sauti ya chuma kukwaruza jiwe. Tulipovuka wa pili tukaisikia tena. Zile sentimeta 16 tulizoziandika bila kuzifikiria, tukiwa wawili na mzigo zilikuwa zimepungua, maana shokapu za nyuma zimebonyea.

Kisha mgongo. Mtu anayeendesha pikipiki ya kawaida akiona shimo hunyanyuka kidogo, akasimama juu ya miguu yake, na magoti yakapokea kishindo. Lakini miguu ikiwa mbele huwezi kunyanyuka. Umekaa, na kila shimo linapanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Kile kiti cha sebuleni, baada ya kilomita tatu za njia ya Ijumbi, kilikuwa kigumu kuliko benchi la kanisa wakati wa mahubiri marefu. Baba alinyamaza. Mama naye alinyamaza, kwa sababu kuna wakati mke akisema jambo la kweli mapema mno linageuka kuwa ugomvi.

Kilima cha mwisho kabla ya kwa bibi ni kifupi lakini kimesimama. Katikati yake tulikutana na ng'ombe wanashuka, ikatubidi tusimame. Kuondoka tena na kilo 168 kwenye udongo ulioloa ndio mtihani ambao hakuna duka linaloweza kukupa. Injini ilikuwa na nguvu, tatizo halikuwa injini. Tairi la nyuma lilizunguka mahali pamoja. Mama alishuka, akabeba unga kichwani, akapanda kwa miguu.

Uani kwa bibi

Bibi huyo ana zaidi ya miaka themanini. Upande wake wa kulia ulipooza miaka miwili iliyopita. Alituona tukifika, mama mbele na unga kichwani, pikipiki nyuma ikinguruma, akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu," alimwambia Baba, "chombo hiki ni kizuri sana, lakini mbona kimechoka kabla hakijafika?"

Alimwagiza mjukuu alete kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi yetu ya kumpokea mgeni. Tulipima shinikizo lake la damu, tukaangalia mgongo wake kama una vidonda vya kulala, tukamwonyesha tena mjukuu jinsi ya kumgeuza. Tulisali pamoja. Yote haya yalikwenda kama Jumamosi nyingine yoyote.

Wakati wa kuondoka ndipo lilipotokea. Uani kwa bibi ni padogo na pana mteremko kuelekea migombani. Ile ya zamani tulikuwa tukiinyanyua nyuma na kuigeuza. Hii ilikuwa na kilo zaidi ya 150, tena ndefu, na ilipaswa kurudishwa kinyumenyume kuelekea juu. Baba aliketi juu yake, akasukuma kwa miguu. Mguu wa kulia ulishika. Wa kushoto, goti lilikatika kama kamba. Pikipiki ikaegemea polepole upande ule, naye akawa chini yake hadi kiunoni, akiishika isimlalie yote.

Fundi na vijana wawili waliokuwa wakichuma kahawa waliiinua. Hakuumia. Lakini mama, ambaye kazi yake ni kutazama, aliona namna alivyoliangalia lile goti. Halikuwa jicho la mtu aliyeshangaa.

Tulikaa chini ya mgomba, sisi wawili peke yetu. Mama akauliza, "Baba, ni mara ya ngapi?" Akanyamaza. Kisha akasema, "Ya nne, Mama."

Mara tatu alikuwa ameanguka na ile ya zamani tangu mwaka jana, kila mara wakati wa kusimama, kwa kuwa kiti kilikuwa juu na goti halikubali tena kuushika uzito. Mojawapo ilikuwa jioni akitoka Rubya kumrudisha mama mmoja na kichanga chake. Walikuwa wamekwisha kushuka, dakika moja tu kabla. Hakutuambia. Suruali iliyochanika alisema ilinaswa na seng'enge. Alipoiona pikipiki ya kiti cha chini aliiona kama jibu la maombi: angeweza kuweka miguu yote miwili chini, na asingelazimika kumwambia mtu yeyote kwamba goti limekwisha.

Akina mama wenzetu, hapo ndipo uchungu ulipo. Kila Jumamosi tunaingia katika nyumba za watu na kuuliza, "Wapi panauma? Tangu lini?" Nyumbani kwetu, mtu alikuwa anachechemea mbele yetu mwaka mzima na hatukumwuliza. Tulikuwa tunajua namba ya shinikizo la damu la kila bibi wa kata, na hatukujua habari ya goti lililolala karibu nasi. Na yeye naye, mtu anayembeba kila mwenye shida, hakuona kwamba inafaa abebwe.

Hatukulaumiana. Tulikula kahawa ya bibi iliyobaki mfukoni, tukainuka. Kurudi Muleba pikipiki iliendeshwa na fundi, na sisi tulipanda haisi. Tuliifikisha kabla ya jua kuzama.

Mzee wa Muleba alisikiliza yote. Tulimwambia wazi kwamba tumbo la injini limekwaruzwa na tuko tayari kulipia. Alipiga magoti akachungulia, akasema mkwaruzo huo si kitu. Akaturudishia dhamana. "Pikipiki hii haina kosa," alisema, "na nyinyi hamna kosa. Ni barabara tu ndizo hazikukutana." Baadaye tulisikia imenunuliwa na mtu anayeishi kando ya lami, naye anaifurahia.

Tuliyojifunza

Kwanza tulikwenda hospitali. Goti lilipigwa picha, ikaonekana kwamba gegedu limechakaa. Daktari alimpa mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, akamshauri apunguze uzito na asibebe mizigo. Baba anayafanya mazoezi hayo kila asubuhi barazani, watoto wakimhesabia.

Kisha tukanunua pikipiki. Safari hii tulianza na swali la nani ataiendesha, kwenye njia gani, akiwa amebeba nini, na ndipo tukatafuta chombo cha kujibu. Tulipata ndogo ya cc 110, isiyo na klachi ya mkono, yenye uzito wa kilo mia moja hivi, kiti si cha juu, tumbo liko mbali na mawe, na keria nyuma. Haina sauti nzito, na hakuna anayesimama kutupungia. Tuliijaribu njia ile ile, na unga ule ule, mpaka uani kwa bibi, tukaigeuza pale pale kwenye mteremko. Aliyeigeuza ni mama. Leseni yake aliipata baada ya mafunzo, na sasa Jumamosi yeye ndiye anayeshika usukani. Abiria mzito na wajawazito wa usiku tumewaachia vijana wenye magoti mazima, na tumepanga nao bei. Fedha iliyobaki ilitosha ada ya Januari na kofia ngumu mbili mpya.

Kwa ajili ya wenzetu wanaojiandaa kununua, tunaweka hapa mambo machache.

1. Usinunue kwa kuendesha uani au kwenye lami peke yake. Omba kuifikisha kwenye njia yako mbaya kuliko zote, ikiwezekana baada ya mvua. Andikianeni, na acha dhamana.

2. Pakia mzigo wako wa kweli, na mke naye apande. Asiyepanda hajui. Lakini mzigo wa kweli maana yake si mishikaki ya watu watatu. Sisi wa Kagera hatuhitaji kufundishwa juu ya chombo kilichojaza kupita kiasi. Tangu tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama na mamia ya watu wetu karibu na Mwanza, tunajua.

3. Gusa injini kabla haijawashwa. Linganisha kadi na namba ya chesisi na ya injini. Ukishanunua, badilisha jina la mmiliki TRA bila kuchelewa, usije ukajibu makosa ya mwingine au yeye akajibu yako.

4. Jaribu kusimama katikati ya kilima na kuondoka tena. Jaribu kuigeuza mahali padogo. Kama huwezi kuigeuza peke yako, si yako.

5. Nunua kofia ngumu pamoja na pikipiki, si baadaye. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa ajali ya pikipiki kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi. Mtoto naye ana kichwa. Kofia ya baba haimtoshi.

6. Akina mama, tusikae upandeupande. Tuvae suruali ndani na kufunga kitenge mbali na mnyororo. Wodini tumeona nguo iliyonaswa na gurudumu inafanya nini. Na ukiungua na bomba la moshi, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta.

7. Kabla ya kuuliza bei ya pikipiki, muulize mwenzako hali ya magoti yake, mgongo na macho. Muulize wakati hakuna mtu mwingine, na usicheke.

Yesu alipozungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, alisema habari ya kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Siku zote tulidhani ni hesabu ya fedha. Tuliketi, tukahesabu fedha yetu vizuri sana, mpaka shilingi ya mwisho. Kitu ambacho hatukukihesabu kilikuwa kimeketi pale pale pamoja nasi.

Jumamosi iliyopita tulifika kwa bibi mapema, mama mbele, Baba nyuma akiwa ameshika unga. Bibi alitutazama muda mrefu. "Sasa chombo kimefika," alisema, akamwita mjukuu alete kikapu.